Stesheni ya Gazeti Iliyokaa Bandarini

Tangu nijue kwamba JTBC, stesheni ya runinga ya Korea Kusini, ni mtoto wa gazeti, siwezi tena kuitazama kama stesheni nyingine yoyote ya kigeni. Mimi ni muuza magazeti. Meza yangu iko Kenyatta Avenue hapa Nakuru. Niliachiwa na mjomba miguu ilipomkataa, na jambo lolote linalohusu gazeti na hatima yake linanigusa mfukoni na moyoni.

Mpwa wangu ndiye aliyenifikisha huko bila kujua. Anakaa kwangu Section 58, yuko chuo, na bando likiingia tu anajitosa kwenye tamthilia za Kikorea. Mimi hulala mapema kwa sababu gari la magazeti kutoka Nairobi hufika alfajiri, lakini baada ya chakula tunakaa pamoja kidogo, simu tumeiegemeza kwenye themosi ya chai. Jioni moja nikaona herufi nne pembeni mwa kioo.

"Hii JTBC ni ya serikali yao?"

"Sijui, Anti. Ni ya kebo tu."

Kesho yake, wateja walipopungua, nikaitafuta kwa simu. Nikakuta ni stesheni ya Seoul, mwenyewe ni gazeti la JoongAng Ilbo. Hapo ndipo nilipoketi vizuri.

Kwetu Kenya gazeti kuwa na runinga si ajabu. Nation wana NTV, Standard wana KTN, na mwanahabari uliyemwona asubuhi na kalamu na daftari unaweza kumwona jioni na maikrofoni. Korea mambo yalikuwa tofauti. Lee Byung-chul, yule yule aliyeanzisha Samsung, alikuwa na kampuni ya utangazaji iliyoitwa TBC tangu 1964, na mwaka uliofuata akaanzisha gazeti la JoongAng Ilbo. Vyote viwili vilikwenda pamoja mpaka 1980. Mwaka huo Jenerali Chun Doo-hwan, akiwa amekwisha kunyakua mamlaka, aliamuru stesheni za watu binafsi ziunganishwe na KBS, shirika la taifa. TBC ilitangaza kwa mara ya mwisho tarehe 30 Novemba 1980. Redio ya gazeti la Dong-A Ilbo nayo ikamezwa hivyo hivyo. Magazeti yakabaki na karatasi na wino.

Ilichukua karibu miaka 30 mlango kufunguliwa tena. Julai 2009, chama cha Rais Lee Myung-bak kilipitisha bungeni sheria ya kuyaruhusu magazeti kumiliki sehemu ya stesheni za runinga. Wabunge walisukumana na kukabana mashati siku hiyo, na watangazaji wa MBC, stesheni nyingine kubwa ya kule, walikuwa wamegoma wakiipinga. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Katiba ikasema haki za wabunge waliopinga zilikiukwa katika upigaji kura, lakini sheria yenyewe ikaiacha isimame. Siku ya mwisho ya mwaka wa 2010 serikali ikatangaza magazeti manne yaliyopewa leseni: JoongAng Ilbo, Chosun Ilbo, Dong-A Ilbo, na gazeti la biashara la Maeil. Stesheni zote nne, yaani JTBC, TV Chosun, Channel A na MBN, zilianza siku moja, tarehe 1 Desemba 2011. (Sisi wa Nakuru tuna sababu yetu ya kuikumbuka tarehe hiyo. Miaka 10 baadaye, siku ile ile, ndipo mji wetu ulipokabidhiwa hati ya kuwa jiji.) JoongAng wakaichukua TBC yao ya zamani na kuitia J mbele.

Watu wengi kule waliingiwa na hofu, na ningekuwa Seoul ningekuwa upande wao. Chosun, JoongAng na Dong-A ndiyo magazeti makubwa kuliko yote nchini, na yote matatu ni ya mrengo wa kihafidhina. Asubuhi ilikuwa yao tayari. Sasa wanapewa na jioni, tena wakati huo kampuni za kebo zililazimishwa na sheria kuziingiza stesheni hizo katika kila nyumba iliyolipia. Mtu anayeuza magazeti anaelewa maana ya kupewa nafasi ya mbele mezani. Gazeti ninaloliweka juu ndilo linalosomwa hata na asiyenunua.

Na kwa kiasi fulani hofu hiyo ilitimia. Mei 2013, TV Chosun na Channel A zilipeperusha madai ya watu kwamba wanajeshi wa Korea Kaskazini ndio walioshiriki katika maasi ya Gwangju ya Mei 1980, yale ambayo wananchi waliuawa na jeshi la nchi yao wenyewe. Wazazi waliozika watoto wao Gwangju bado wako hai, wanawasha runinga sebuleni na kusikia kwamba watoto wao walikuwa wafuasi wa adui. Stesheni zote mbili zililazimika kuomba radhi, na zikaadhibiwa. Nilipolisoma hilo nilihisi joto usoni. Kuna uongo unaomrudisha mtu makaburini.

Mwezi huo huo, JTBC ilifanya jambo lililowashangaza wote. Ilimwajiri Sohn Suk-hee.

Huyu alikuwa mtangazaji wa MBC tangu 1984. Mwaka wa 1992 aliwekwa kizuizini kwa ajili ya mgomo wa wafanyakazi wa stesheni hiyo. Baadaye aliondoka akawa profesa wa chuo kikuu, huku akiendelea na kipindi chake cha redio cha asubuhi ambacho wanasiasa walikiogopa kwa sababu swali alilouliza alilirudia mpaka lijibiwe. Watu walimhesabu kuwa wa upande wa pili kabisa na gazeti la JoongAng. Alipokubali kwenda kuongoza idara ya habari ya JTBC, wengine walisema amenunuliwa. Wakati huo stesheni yenyewe haikuwa na watazamaji wa kujivunia.

Halafu ikaja Aprili 2014.

Feri ya Sewol ilikuwa inatoka Incheon kwenda kisiwa cha Jeju na watu 476. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa Shule ya Upili ya Danwon, mji wa Ansan, walio katika safari ya shule. Asubuhi ya tarehe 16 ililala ubavu karibu na kisiwa cha Jindo. Wanafunzi waliambiwa kwa kipaza sauti wakae walipo. Walikaa. Nahodha akatoka miongoni mwa wa kwanza. Watu 304 walikufa, 250 kati yao wakiwa wanafunzi.

Siku hiyo stesheni nyingi za Korea zilitangaza kwamba wanafunzi wote wameokolewa. Huko JTBC, mtangazaji mmoja alimhoji msichana aliyetoka majini muda si mrefu na kumuuliza kama anajua kwamba mwenzake amekufa. Msichana akaangua kilio hewani. Jioni hiyo hiyo Sohn Suk-hee alifungua taarifa ya habari kwa kuomba radhi, akisema yeye kama mkubwa wa kazi ndiye anayestahili lawama kwa kutowafundisha vya kutosha walio chini yake. Nimeitafuta video hiyo na nimeitazama. Anaongea polepole, mikono imetulia mezani. Hajaribu kulitetea lile swali hata kwa neno moja. Katika mahojiano mengine ya siku zile, mtaalamu wa meli alimwambia kwamba uwezekano wa mtu kuwa hai ndani ya ile feri ni mdogo mno. Sohn akanyamaza, kichwa akakiinamisha, na kwa sekunde kadhaa stesheni nzima ikawa kimya. Huhitaji kujua Kikorea kuielewa sehemu hiyo.

Lakini la muhimu kwangu ni lililofuata. Sohn mwenyewe aliondoka studio akaenda bandari ya Paengmok, mahali wazazi walipokuwa wakisubiri miili iletwe na boti, akasomea habari pale, upepo wa bahari ukimpiga, siku kadhaa mfululizo. Aliporudi Seoul, wanahabari wake walibaki. Stesheni nyingine zilipohamia kwenye habari mpya, JTBC iliendelea kuwasiliana na Paengmok jioni baada ya jioni. Hata siku ambazo hapakuwa na jipya mwanahabari alisimama pale akasema hali ikoje: bahari imechafuka, wapiga mbizi hawakuingia, familia fulani bado inasubiri. Walikaa mpaka Novemba, serikali ilipositisha utafutaji huku watu tisa bado hawajapatikana.

Si kila walichotangaza kilikuwa sawa. Walimpa nafasi mtu aliyedai kwamba chombo chake cha kuzamia kingeharakisha uokoaji, na tume inayosimamia matangazo ikawaadhibu kwa hilo. Wazazi waliona hayo yote. Hata hivyo, simu za watoto zilipotolewa majini na video zikapatikana ndani yake, kuna wazazi waliozichukua na kuzipeleka JTBC. Mzazi aliyefiwa anaishika simu ya mwanawe, ndani yake mna sauti ya mwisho ya mtoto huyo, na katika nchi yenye stesheni chungu nzima anaamua ni nani wa kumkabidhi. Nimelifikiria sana hilo.

Ninalifikiria kwa sababu ya Solai.

Aliye wa Nakuru hahitaji kukumbushwa, lakini nitaeleza kwa ajili ya wengine. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa lililokuwa juu kwenye shamba kubwa lilipasuka Solai, na maji yakashuka juu ya nyumba za watu waliokuwa wanapika au wamekwisha kulala. Walikufa watu wasiopungua 47. Wengi walikuwa watoto.

Kesho yake meza yangu haikuwa na gazeti hata moja kufikia saa tatu. Wiki ile yote Solai ilikuwa ukurasa wa mbele: picha za matope, picha za majeneza, picha za wakubwa wakiwa wamevaa gambuti. Magari ya runinga yenye masahani juu yalipita hapa Kenyatta Avenue yakielekea kule na kurudi. Halafu Solai ikahamia kurasa za ndani, kisha ikawa aya moja kwenye ukurasa wa kaunti, kisha ikaisha.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akija mjini kutoka upande ule. Sitasema zaidi juu yake kuliko inavyofaa. Alikuwa akifika mezani, ananisalimia, halafu anauliza, "Leo wameandika?" Mara ya kwanza sikumwelewa. Alimaanisha Solai. Hakuwa na pesa za gazeti kila mara, nami nilimwachia afungue. Alikuwa na namna yake: hakuanza mbele, alianza kwenye kurasa za katikati, kidole cha shahada kikishuka taratibu kwenye kila safu, midomo ikitamka vichwa vya habari kimya kimya. Akifika kwenye michezo analikunja gazeti vile vile lilivyokuwa, mikunjo ile ile, ili nisishindwe kuliuza. "Haya, hawajaandika." Anaaga. Alikuja hivyo miezi mingi. Kesi ya lile bwawa ilikuwa inaahirishwa na kuahirishwa, na habari za kuahirishwa haziuzi gazeti, hilo ninalijua kuliko mtu yeyote. Mwaka ulipotimia waliandika. Nilimwekea nakala chini ya meza, na alipokuja nikampa, hatukuzungumza sana.

Ndiyo sababu ile habari ya mwanahabari anayesimama bandarini jioni baada ya jioni kusema kwamba leo wapiga mbizi hawakuingia inanikaa kooni. Mtu wa nje anaweza kuuliza, kuna habari gani hapo? Kwa yule mama hiyo ndiyo iliyokuwa habari. Alitaka kusikia kwamba mtu yuko pale na hajaondoka.

Sasa tazama kukaa huko kulivyozaa matunda. Oktoba 2016 magazeti ya Korea yalikuwa yakimfuatilia mwanamke aliyeitwa Choi Soon-sil, rafiki wa siku nyingi wa Rais Park Geun-hye. Haki yao niwape TV Chosun: Julai mwaka huo ndio walioanza kuufukunyua wakfu mmoja, uliohusishwa baadaye na Choi, uliokusanya mabilioni ya won kutoka kwa kampuni kubwa, na gazeti la Hankyoreh likamtaja Choi mwezi Septemba. Lakini ushahidi wa kushika mkononi haukuwepo. Mwanahabari wa JTBC akaenda Gangnam, mtaa wa Seoul, kwenye jengo ambako kampuni moja iliyohusishwa na Choi ilikuwa na ofisi. Walikuwa wamehama. Keateka, yaani mtunza jengo, akamfungulia. Ndani palibaki meza, na kwenye droo ya meza palikuwa na tableti.

Yule keateka alieleza baadaye kwamba alisaidia kwa sababu aliiamini JTBC ya Sohn Suk-hee. Wanahabari wengine wangeweza kufika pale na kupewa majibu yale ya kawaida ya walinzi wa majengo, "bosi hayuko". Yeye alifungua.

Tarehe 24 Oktoba 2016 JTBC ikatangaza: ndani ya tableti kulikuwa na hotuba 44 za rais ambazo Choi, mtu asiye na cheo chochote serikalini, alikuwa nazo kabla rais hajazisoma. Kesho yake Rais Park akaomba radhi mbele ya kamera. Jumamosi baada ya Jumamosi watu wakajaa uwanja wa Gwanghwamun, katikati ya Seoul, na mishumaa mikononi, wazee, wanafunzi, akina mama wenye watoto mgongoni. Desemba taarifa ya habari ya JTBC ilikuwa imepita asilimia 10 ya watazamaji, jambo ambalo stesheni ya kebo haikuwahi kuliota kwenye habari. Tarehe 9 Desemba wabunge 234 kati ya 300 walipiga kura ya kumwondoa rais, na tarehe 10 Machi 2017 majaji wote 8 wa Mahakama ya Katiba wakaafikiana aondoke.

Hapa ndipo habari ya mwenye gazeti inapoingia. Hong Seok-hyun, aliyekuwa mwenyekiti wa JoongAng, alisema hadharani mwaka wa 2017 kwamba alikuwa ameshinikizwa na ikulu amwondoe Sohn. Hakumwondoa. Huyu ni mwenye mali, shemeji wa mwenyekiti wa Samsung wa wakati huo, gazeti lake ni la kihafidhina na rais aliyekuwa madarakani alikuwa wa mrengo huo huo. Angekuwa na sababu zote za kumwambia profesa arudi chuoni. Gazeti lake liliendelea na msimamo wake, runinga ikaachwa ifanye kazi yake. Kwa maoni yangu hilo ni gumu kuliko kumpata mtangazaji hodari.

Kuna tarehe nyingine inayounganisha Seoul na meza yangu, nami niliiona kwa bahati tu nilipokuwa nikisoma. Jumatatu ya 29 Januari 2018, mwendesha mashtaka Seo Ji-hyeon aliketi studio ya JTBC, uso wazi na jina wazi, akamweleza Sohn jinsi mkubwa mmoja wa wizara ya haki alivyomshikashika matangani mwaka wa 2010 na jinsi kazi yake ilivyovurugwa baadaye. Wanawake wa Korea waliokuwa wamenyamaza wakaanza kusema. Machi mwaka huo katibu wa gavana An Hee-jung, mtu aliyetazamiwa kuwa rais, akaketi kiti kile kile akasema gavana amembaka. Gavana akajiuzulu, na baadaye akafungwa miaka mitatu na nusu.

Kesho yake baada ya Seo kuzungumza, Jumanne tarehe 30 Januari, sisi Kenya tulizimiwa runinga. Raila Odinga, kinara wa upinzani, alikuwa anaapishwa Uhuru Park kama "rais wa wananchi", na serikali ikazima NTV, KTN na Citizen. Mahakama Kuu ikaagiza zirudishwe, na bado zikabaki gizani kwa siku kadhaa. Jumatano alfajiri nilipofungua vifurushi, watu walikuwa wamekwisha kunisubiri. Wenye maduka, makanga, askari wa usiku wanaotoka zamu, kila mmoja anataka gazeti. Wale wa kusoma kwa kumi bob walikuwa wamejipanga nyuma ya wale wa kununua. Mzee mmoja alisoma ukurasa wa mbele kwa sauti ili walio nyuma wasikie. Niliuza vizuri siku zile na sikufurahi. Nakuru tunajua, tangu ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, kinachotokea watu wakiachiwa uvumi peke yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba JTBC ni stesheni ya tamthilia, simkatalii, namwongezea. Tamthilia ndizo zinazolipa mishahara ya wale wanaosimama bandarini. Ile ya SKY Castle, ya wazazi matajiri wanaolipa mshauri ili mtoto aingie kusomea udaktari, ilianza Novemba 2018 na chini ya asilimia 2 ya watazamaji, ikamalizika mwaka uliofuata na zaidi ya 23. Mpwa wangu anasema anaipenda kwa mavazi. Mimi niliona akina mama ninaowajua, wanaokuja mezani matokeo ya KCSE yakitoka, wakitafuta jina la shule kabla ya kutafuta jina la mtoto. Mwaka wa 2020 wakaja na The World of the Married, waliyoitoa kwenye tamthilia ya BBC, ikafika asilimia 28. Kebo ya Korea ilikuwa haijaona tamthilia yenye watazamaji wengi kama huo. Kwenye mahojiano na vichekesho vyao siendi sana.

Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa Taifa Leo wa kila siku, hakubaliani nami. Nilimsimulia yote haya akiwa ameegemea mwavuli.

"Mama," akaniambia, "hiyo ni sifa ya mtu mmoja. Sohn aliacha kusoma habari Januari 2020. Umeniambia mwenyewe. Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo watazamaji wa habari walipungua, Mwalimu."

"Basi. Gazeti halikuwa na lolote. Mtu ndiye aliyekuwa na lolote."

Nimelizungusha jambo hilo kichwani na sioni kama liko hivyo. Sohn alikuwa Seoul. Aliyekaa Paengmok mpaka Novemba ni mwanahabari kijana, na aliyefunguliwa mlango Gangnam ni mwingine. Mtu alilipia chakula chao na vitanda vyao. Mtu aliamua, kila asubuhi, kwamba dakika kadhaa za jioni ni za bandari ile, hata kama hakuna jipya. Huo ni uamuzi wa nyumba nzima, na nyumba yenye gazeti na runinga inaweza kuumudu kuliko nyumba yenye kimoja. Gazeti lina watu wa kuchimba na kuhifadhi, runinga ina uso na sauti. Hata kwetu vyote viwili viko chini ya paa moja, tangu mpwa wangu hajazaliwa.

Ninachowaomba walio kwenye vyumba hivyo vya habari ni kidogo. Matatu za Solai zinatoka hapa mjini kila siku. Mtumeni mtu. Si lazima iwe Mei, si lazima kuwe na maadhimisho na mkubwa wa kuweka shada la maua. Aende Jumanne ya kawaida, aulize nani amejengewa na nani hajajengewa, kesi imefika wapi, watoto waliobaki wanasoma wapi. Aandike aya tatu. Wiki inayofuata aende tena. Na akitaka kuanzia kwangu, gari la magazeti likishashusha mimi huwa nimefungua kabla ya saa kumi na mbili, upande wenye kivuli wa Kenyatta Avenue, nitamwonyesha stendi ya matatu ilipo.